Skrini Kubwa ya Mzee Viraj

Parklands
Jumanne, 7 Februari 2006

Kwako Madam Fundi,

Sasa. Mimi ni ule kijana wa sweta ya kijani alisimama kwa mlango ya stoo yako ya kutengeneza kompyuta jana, hapo River Road juu ya duka ya viatu. Uliniuliza nataka nini nikasema nitarudi. Nilikuwa nadanganya. Kulikuwa na watu ndani, wote wakageuka kuniangalia, na maneno ikakauka. Kwa karatasi hakuna mtu ananiangalia, ndio nimeandika. Shule niliwachia darasa ya tano, so ukiona mahali nimekosea, ruka tu.

Naitwa Mbugua. Nafanya shamba kwa Mzee Viraj huku Parklands. Mama ya nyumba alikufa mwaka juzi, Mzee akabaki peke yake. Ako na msichana mmoja, Tanvi, ameolewa Uingereza, na mwezi uliopita alipata mtoto wa kwanza. Mzee hajamwona huyo mtoto. Hapo ndio shida iko.

Mzee macho yake imechoka. Tanvi alimletea kompyuta na skrini kubwa kama dirisha ya jikoni, na kila Jumapili baada ya chakula walikuwa wanaonana, kuko na kamera ndogo hapo juu. Sasa hiyo skrini imekuwa nyeusi. Kuko na skrini ingine ndogo ya zamani, hiyo ukiunganisha inawaka, lakini Mzee anasema anaona tu ukungu. Na ile kubwa waya yake haiingii mahali ingine isipokuwa kwa kadi ya grafiksi, ile inapeleka picha kwa skrini. Kijana wa jirani aliingia akaangalia, akasema mashine haioni hiyo kadi kabisa, ni kama haiko. Na mimi naiona na macho yangu iko hapo ndani. Kitu inawezaje kuwa kwa nyumba na nyumba iseme haiko?

Tanvi hawezi kupanda ndege na mtoto mdogo hivyo. Akipiga simu Mzee anamwambia skrini imekufa, anaweka simu chini, anakaa tu. Ningependa amwone huyo mtoto.

Barua nimepea Kiragu, mtu wa mayai. Anaanzia huku kwetu anamalizia kwenu.

Ni mimi,
Mbugua


River Road
Jumatano, 8 Februari 2006

Mbugua wa sweta,

Niaje. Nilikukumbuka. Nilidhani wewe ni mtu wa kanjo amekuja kuangalia leseni, maana ulikuwa unaangalia kila kitu mpaka dari. Halafu usiniite madam, mimi si mwalimu wako. Naitwa Nyawira.

Kiragu amenipea barua mbele ya wateja, akasema kwa sauti imetoka kwa mwanaume wa Parklands. Sasa hii jengo yote inaniuliza harusi ni lini. Mwambie ajifunze kunyamaza kama wewe.

Sikia. Zima mashine, toa plagi kwa ukuta. Fungua ubavu wake, ile skrubu inazungushwa na vidole. Kabla uguse kitu ndani, shika chuma ya mashine, hiyo stima kidogo iko kwa mwili yako ishuke, isiue kadi. Kadi ni ile ndefu iko na feni. Itoe polepole, ipulize vumbi, uirudishe mpaka usikie imelia tak. Hiyo inaitwa kukaa vizuri, na nusu ya kadi zinaletwa hapa zikiwa zimekufa ni kukaa vibaya tu.

Ya pili. Kadi kama hiyo inakula stima mingi, ubao wa mashine peke yake haiwezi kuishibisha. Iko na waya yake, kichwa nyeusi ya mashimo sita, inaingia mwisho wa kadi. Kama haijaingia, kadi hailii, haisemi kitu, inapotea tu. Hapo jibu la swali yako liko: iko kwa nyumba lakini haijakula.

Fanya moja, jaribu, ndio ufanye ingine. Ukifanya zote pamoja hutajua gani ilikusaidia.

Na kwa nini hupigi simu?

Nyawira


Parklands
Jumatatu, 13 Februari 2006

Kwako Nyawira,

Simu iko. Nikipiga, mtu akisema hello, inakuwa kama ule mlango yako. Na SMS inaisha kabla nifike mahali nilikuwa naenda.

Nilifanya vile ulisema, Ijumaa. Kwanza nilipata mashine imefunikwa na kitambaa ya kushona, nyeupe, iko na maua, imefunika mpaka yale matundu ya kupumua. Ni ya Philister, mama wa kupika. Ameshonea kila kitu hii nyumba kitambaa, redio, friji, viti, hata mtungi wa gesi. Nikaitoa. Philister akasema afadhali nimtoe yeye mwenyewe. Hatujaongea vizuri tangu hiyo siku, ananipakulia ugali bila kuniangalia, na hiyo kwangu si mbaya.

Nikafungua. Kadi ilikuwa imekaa vizuri. Lakini ile waya ya mashimo sita ilikuwa inaning'inia. Nikaisukuma ikaingia, nikawasha, na skrini ikawaka bluu mpaka ukuta ikawa bluu. Nyawira, nilicheka peke yangu.

Nikaita Mzee. Alikuwa fundi wa stima Industrial Area mpaka akastaafu, so nilidhani atataka kuona ilikuwa nini. Hakuuliza. Alisema tu, vizuri, vizuri, akarudi kwa chumba.

Jumapili tukakula, nikaenda kuwasha, ikawa nyeusi tena. Nikafungua nikaangalia waya, iko ndani. Nikazima, nikawasha, bado. Tanvi alingoja kule upande ingine mpaka mtoto akalala.

Nimekutumia kadi yenyewe na Kiragu, iko katikati ya trei mbili za mayai, nimeizungushia gazeti. Iangalie kama inakufa.

Mbugua


River Road
Jumatano, 15 Februari 2006

Mbugua,

Kadi imefika na yai moja iliyopasuka. Kiragu anasema kadi ndio iligonga yai, mimi nasema yai ndio iligonga kadi. Tumepatana nimpikie hiyo yai.

Nimeiweka kwa mashine yangu hapa, imewaka tangu asubuhi mpaka nimefunga, haijazimika hata kidogo. Hiyo kadi haina ugonjwa. Kitambaa ya huyo mama ilikuwa inaipika, ni vizuri umetoa, lakini si kitambaa ilizima.

Mimi nafikiri ni kile kichwa ya waya. Ile ndoano yake ndogo ya plastiki ikivunjika, waya inaonekana iko ndani na haiko. Inarudi nyuma kidogo tu, upana wa ukucha, na hiyo inatosha. Ulisukuma mpaka mwisho, ama uliangalia tu na macho? Niambie ukweli, sitakucheka sana.

Kadi nimempea Kiragu. Irudishe kwa mashine, sukuma waya kwa nguvu, halafu ifunge na kitu isirudi nyuma. Uzi yoyote, bora si chuma.

Halafu andika mambo yako pia. Mimi nimekwambia jengo yote inaniuliza mambo ya harusi, wewe ukaniambia mambo ya ugali. Unakaa wapi? Unapenda nini? Nikiandikia mtu nataka kujua naandikia nani.

Nyawira


Parklands
Jumatatu, 20 Februari 2006

Kwako Nyawira,

Niliangalia na macho tu. Cheka.

Nakaa hapa hapa, chumba nyuma ya tangi ya maji. Kwetu ni Ndeiya, ile upande kavu. Napenda nyanya, si kukula, kuona zikipanda. Napenda mahali mtu anafanya kazi yake bila kuongea, kama vile wewe ulikuwa umeinama kwa ile mashine na umeweka kalamu kwa nywele. Nilitaka kuandika hii kwa barua ya kwanza na sikuweza.

Sasa kazi. Nilifunga waya na ile kamba laini ya manila nafungia nyanya. Nikapiga fundo yangu, ile hairudi. Alhamisi ikawaka. Ijumaa ikawaka. Jumamosi nikaonyesha Mzee, nikamwambia kesho utaona mtoto. Akanishika bega akasema mimi ni kijana mzuri. Hakuwa ananiangalia.

Jumapili ikawa nyeusi. Nimefungua, kamba haiko. Waya imerudi nyuma upana wa ukucha, vile ulisema. Lakini kamba haiwezi kutembea, Nyawira. Kuna mtu.

Tanvi alipiga simu kwa Philister safari hii. Anasema baba yake anaongea kama mtu ako na chakula kwa mdomo, na anataka kujua kama anakula vizuri. Philister akasema anakula.

Mbugua


River Road
Jumanne, 21 Februari 2006

Mbugua,

Hiyo ya kalamu nimeisoma nikiwa kwa foleni ya benki, nikatabasamu mpaka askari akaniuliza kama niko sawa. Sasa nimeacha kuweka kalamu kwa nywele, nasikia aibu. Halafu nikairudisha.

Kazi. Kama kuna mtu, basi ni huyo mama wa vitambaa. Ulimtolea kazi yake ya mkono mbele ya watu, sasa anataka mashine ife ndio arudishe maua yake. Nimeona watu wakifanya mbaya kushinda hiyo juu ya kitu ndogo kushinda hiyo. Muulize, lakini usimpigie kelele. Ingawa wewe hata ukitaka kupiga kelele sijui utaanzia wapi.

Nyawira


Parklands
Jumatano, 22 Februari 2006

Kwako Nyawira,

Si Philister. Jumapili anatoka mapema kwenda kanisa Kangemi na anarudi saa ya kupakua, na mimi ndiye hufunga geti. Halafu kuna kitu ingine. Jana nilitafuta ile kamba nikaipata kwa takataka ya chumba ya Mzee. Fundo yangu bado iko. Kamba imekatwa pembeni ya fundo. Philister anafungua fundo ya aina yoyote, ndiyo kazi ya vidole vyake. Mtu anakata kamba laini kama hiyo kama hawezi kuifungua, kama hana mikono miwili.

Nikakaa chini kwa nyanya nikafikiria vitu nimekuwa nikiona na sikuwa naweka pamoja.

Mzee anavaa mafla imefunika mpaka mdomo, ndani ya nyumba, na ni Februari, jua inachoma. Mkono wa kushoto iko kwa mfuko ya sweta kila wakati, hata akifungua mlango. Ameacha kukula mezani, anataka sahani chumbani. Shati zake nikianika ziko na chai, na chai iko upande moja tu, ule wa kushoto. Na yeye ni fundi wa stima, mashine imeharibika kwa nyumba yake na hajainama hata mara moja kuangalia.

Yeye ndiye anatoa waya. Anataka kumwona mtoto, hiyo najua, kwa sababu usiku anashika ile picha ilitumwa na posta, anaisogeza mpaka pua inaigusa. Lakini kamera iko hapo juu ya skrini. Akimwona mtoto, watamwona.

Nafikiri uso yake imeanguka upande moja. Na nafikiri ni mgonjwa na anaficha, na akizidi kuficha atakufa huko chumbani.

Sasa mimi nifanye nini? Mimi ni mtu wa shamba. Nikimwambia Tanvi, Mzee atasema nimemuuza. Nikinyamaza, na kunyamaza ndio najua, itakuwa aje? Niambie tu nitafanya.

Mbugua


River Road
Alhamisi, 23 Februari 2006

Mbugua wangu,

Nimemfukuza Kiragu aende anywe chai ndio niandike bila mtu kusimama hapa. Anangojea.

Shangazi yangu alianza hivyo. Mdomo ulienda upande, akasema ni jino. Tukaamini ni jino. Alipofika hospitali walisema angekuja mapema. Sikwambii hii nikutie hofu, nakwambia ndio usingoje Jumapili.

Nilimkosea huyo mama Philister, na sijawahi hata kumwona. Mpee salamu zangu.

Sasa sikia. Usimwandikie Tanvi nyuma yake. Usirudishe hiyo waya ukijificha, kwa sababu ukimfungulia kamera na yeye hataki, hiyo itakuwa kumvua nguo. Enda umwambie yeye mwenyewe. Yeye peke yake, mlango umefungwa. Najua vile hiyo ni ngumu kwako. Najua ungetaka nikuandikie maneno ya kusema. Sitaandika, kwa sababu nimesoma barua zako na wewe maneno unayo, nyingi kushinda hawa watu wanapiga kelele hapa kwangu siku mzima.

Kama inakauka, ngoja. Itarudi. Yeye pia hana haraka ya kuisikia.

Hospitali kubwa ziko hapo hapo kwenu. Mpeleke hiyo siku.

Nyawira


Parklands
Jumatatu, 27 Februari 2006

Kwako Nyawira,

Ijumaa asubuhi nilipeleka chai mimi, si Philister. Nilikuwa nimejifundisha maneno kwa nyanya, mingi sana, imepangwa vizuri. Nikafunga mlango, nikaweka chai, na yote ikaenda. Mzee akaniangalia. Mimi nikaangalia zulia. Nikangoja, vile ulisema.

Nikasema, "Mzee, hiyo waya ni wewe."

Hakukataa. Aliuliza nimeambia nani. Nikasema fundi wa River Road, mwanamke. Akauliza kama ni mwanamke alijua shida ni waya, nikasema ndio, na akacheka. Alikuwa ametoa mafla akunywe chai. Upande moja wa uso ikacheka na ule mwingine ikakaa tu hivyo. Aliona nimeona.

Akasema, "Huyo mtoto, mara ya kwanza anaona babu yake, aone hii?"

Nyawira, sijui ilitoka wapi. Nilimwambia, "Mimi mtu akiniangalia nataka kuingia chini ya kiti, so najua. Lakini huyo mtoto bado hajui uso inafaa kukaa aje."

Chai ikapoa. Halafu akaniambia nimletee viatu, zile nyeusi, na nimfungie kamba kwa sababu hajaweza kuzifunga yeye mwenyewe tangu Januari, anavaa tu zile za kuingiza.

Tulienda hospitali na teksi, mimi nikakaa mbele. Daktari alisema ni kiharusi, ndogo, ilimpata siku mtoto alizaliwa ama karibu na hapo. Presha ilikuwa juu sana. Alisema ingine ilikuwa njiani, kubwa, na sasa kuna dawa. Alimgombeza Mzee kama mtoto wa shule, na Mzee akaitikia tu, ndio daktari, ndio daktari. Mkono itarudi kidogo kidogo akiifanyisha kazi. Uso hawakuahidi.

Philister alipoambiwa alilia, akasema yeye ndiye alikuwa akifua hizo shati na alidhani ni uzee. Halafu akapika kama watu kumi wanakuja. Nimempea salamu zako. Anasema haumjui lakini ameshukuru.

Jumapili, nilifungua mashine nikashika tochi. Waya alirudisha Mzee mwenyewe, na mkono moja. Ilichukua muda. Ilikataa, ikateleza, akatukana kwa Kigujarati, mimi sikugusa. Ikalia tak. Skrini ikawaka.

Tanvi akaingia kwa skrini, mkubwa hivyo, nywele imefungwa tu na kitambaa. Alikuwa anaanza kusema hello papa, akakwama. Nilimwona akimwona. Mzee hakugeuka, hakufunika kitu, mkono wake mzuri tu ilikuwa imeshika meza mpaka vidole zikawa nyeupe. Halafu Tanvi akatoka kwa skrini, tukabaki tukiangalia kiti. Nikafikiria nimeharibu, nimeharibu kila kitu.

Akarudi na mtoto. Ni msichana. Alikuwa amelala, sasa ameamshwa na hataki. Tanvi akamsogeza kwa kamera mpaka akajaa hiyo skrini yote, shavu, pua, kila kitu. Mtoto akapiga miayo, na mdomo ukaenda upande kabisa, ukabaki huko kidogo, umepinda, jicho moja limefungwa.

Mzee akasema kitu kwa Kigujarati na Tanvi akaanza kucheka na kulia pamoja. Nikauliza amesema nini. Mzee akaniambia kwa Kiswahili, bila kutoa macho kwa skrini:

"Nimesema anafanana na mimi."

Walikaa hapo mpaka jua ikatoka kwa dirisha. Tanvi anakuja Aprili, mtoto akipata nguvu ya ndege.

Hii barua haina swali ya mashine. Mashine iko sawa. Nimeandika tu. Mzee anasema fundi aje Jumapili akule hapa, na mimi pia nasema.

Mbugua


River Road
Jumanne, 28 Februari 2006

Mbugua,

Nimesoma nikafunga stoo mapema, nikatembea mpaka raundabauti ya Globe na kurudi bila kujua nilikuwa naenda wapi.

Nitakuja Jumapili, nikitoka kanisa. Mwambie Philister nakula kila kitu. Mwambie Mzee nitaangalia vile amefunga hiyo waya, na kama ni vibaya nitamwambia.

Na wewe usiende kujificha nyuma ya tangi ukisikia geti. Si lazima uongee. Kaa tu mahali naweza kukuona.

Wako,
Nyawira